Mlango wa Pili wa Tangi

Wewe unayesoma, umewahi kumsikia mtu akigonga kutoka ndani ya tangi lililokaguliwa likaonekana tupu?

Pale Tuzla, kwenye karakana ya meli, ilianza na harufu. Walikuwa wanajaribu mtambo mpya wa maji ya mizani, yale maji ya bahari ambayo meli isiyo na mzigo huyabeba tumboni isije ikapinduka. Mtambo unayachuja, unayachemsha, unaua kila kilicho hai, ndipo yamwagwe. Siku ile yalipomwagwa yalinuka nywele zilizoungua.

"Nani kasema destur?" aliuliza Salih, mchomeleaji.

Kule humwagi maji ya moto, hata ya kuoshea vyombo, bila kusema destur, yaani kwa ruhusa yenu, ili wale wasiotajwa jina wapishe. Watu wakatazamana. Vali ilikuwa imefunguliwa kwa kitufe, kutoka ofisini.

"Kompyuta haina mdomo, usta," Vedat, mkuu wa karakana, alimcheka fundi wake. "Acha mambo ya bibi yako. Ingia tangini ukamalize kazi."

Tangi lile lilichorwa na injinia Nermin, dada yake Salih. Alichora milango miwili juu yake, mmoja kila ncha, maana kanuni za kusajili meli zinataka hivyo: huu ukikushinda, utokee ule. Lakini Vedat, aliyepewa cheo na mjomba wake huku wenye vyeti wakisugua benchi, alikosa pa kuuweka mtambo, akaukalisha juu ya mlango wa pili. Mkaguzi akanywa chai, akagonga muhuri.

Nermin aliinama kwenye mlango uliobaki. Nje jua kali, ndani giza tupu.

"Dada," Salih aliita kwa sauti ya chini kutoka tangini, "mbona umekaa kwenye ngazi?"

"Niko huku juu, Salih. Ngazi haina mtu."

Mnong'ono ukapanda: "Basi huyu mwenye uso wako ni nani? Anasema tumewachemsha wanawe."

"Destur!" Nermin alipiga kelele, "destur, tusamehe!" akashika ngazi ashuke, chuma kikamuunguza viganja, na kule chini akasikia miguu ya mdogo wake ikikimbia kuelekea ncha ya pili, ikikanyaga maji ndani ya tangi lililokwisha kukaushwa, na nyuma yake miguu mingine, mizito, isiyo na haraka, mpaka ngumi zikaanza kugonga chini ya mtambo, ngo, ngo, ngo.

"Ung'oeni mtambo!"

"Una wazimu, Nermin? Meli inaondoka kesho," Vedat alisema. "Atokee alikoingilia."

"Vedat abi, kaka, nakupigia magoti. Ni ndugu yangu!"

Hakuna aliyeshika spana. Ngazi ilipopoa walishuka, wakakuta tangi kavu, Salih hayumo. Kinyago chake cha kuchomelea kilining'inia kwenye ngazi, kimejaa maji yanayotoa mvuke.

Na chini ya mtambo, kugonga kunaendelea. Vedat anasema ni mabomba yanapoa. Tangu lini mabomba yakaita "dada"?

Vedat, nawe mkaguzi wa muhuri, meli hiyo isiondoke. Ng'oeni mtambo wenu, leo, kwa mikono yenu wenyewe. Semeni destur, kisha mfungulieni Salih mlango wake.