Bangili Iliyomhesabia Bibi Tumiyem Sifuri

TANGAZO. Baraza Kuu la Sayansi na Ustawi wa Wazee, Tawi la mji wa Solo, Indonesia, kupitia kwa Mwenyekiti wake wa Kudumu, linayo heshima kuwatangazia wananchi wote kwamba teknolojia ya kisasa imeingia rasmi katika nyumba ya Bibi Tumiyem.

Iliingia ndani ya kopo la biskuti, imeviringishwa kwenye soksi, baada ya safari ya basi kutoka Surabaya. Ikawashwa asubuhi kwa shangwe. Saa tano ikazima.

Ilikuwa bangili nyeusi ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Aliyeituma ni Marsudi, mwana wa Bibi Tumiyem. Hakuituma kwa mapenzi matupu.

Bibi Tumiyem ana miaka sitini na nane, na anauza jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa. Kila siku huamka saa kumi alfajiri. Husaga manjano, huchemsha ukwaju na sukari guru, kisha hujaza chupa nane. Chupa huzipanga ndani ya tenga, na tenga hulifunga mgongoni kwa mtandio. Mkononi hubeba ndoo ya maji yenye bilauri. Kisha hutembea mtaa kwa mtaa mpaka sokoni, na wateja humsubiri milangoni.

Miezi miwili iliyopita aliteleza sokoni. Chupa moja ilivunjika, basi. Lakini habari hiyo ilipofika Surabaya, Bibi alikuwa amevunjika nyonga na kupoteza fahamu.

"Mama, umri umekwenda," Marsudi alimwambia kwenye simu. "Njoo ukae kwangu. Nyumba ina lifti. Hutatembea popote."

"Nikikaa bila kutembea, nitakufa."

"Basi tufanye hivi. Vaa hiyo bangili. Programu yake itanionyesha huku kila hatua yako. Ukifikisha hatua elfu sita kwa siku na moyo wako umetulia, uza jamu mpaka uchoke mwenyewe. Usipofikisha, Jumapili nakuja na gari."

"Elfu sita?" Bibi akacheka. "Hizo namaliza kabla wewe hujapiga mswaki."

Aliyeitayarisha bangili ni mjukuu wake Galih, mwenye miaka kumi na sita, aliyekuwa amekuja likizo kutoka shule ya bweni. Galih ni kijana mwerevu, mwenye adabu na nywele nzuri. Hili linasemwa bila upendeleo wowote. Aliweka programu kwenye simu ya Bibi, kisha akaenda kuoga.

Bibi akabaki na simu mkononi. Mara kioo kikauliza: "Unaniruhusu nikuunganishe na vifaa vilivyo karibu nawe?"

Kwetu, mtu akikukaribisha chakula, unakataa. Akikukaribisha tena, unakataa tena. Mara ya tatu ndipo unasema, "Haya, kidogo tu." Anayekubali mara ya kwanza, watu humtazama mama yake.

Bibi akaona hapa kuna mtu anajitolea kumfanyia kazi. Akamhurumia. "Usijisumbue," akasema, akabonyeza *Usiruhusu*. Baadaye simu ikauliza tena. Bibi akakataa tena, kwa tabasamu. Kisha akasubiri kuulizwa mara ya tatu.

Simu ikanyamaza.

Galih alipotoka kuoga, akashika bangili, akabonyeza hapa na pale, ikawaka. "Tayari, Bibi," akasema.

Jumatatu jioni Marsudi akapiga simu.

"Mama, unaumwa?"

"Mimi? Nimemaliza chupa zote nane."

"Huku naona sifuri."

"Sifuri gani?"

"Hatua sifuri, Mama. Hata aliyelala huenda msalani."

Jumanne sifuri. Jumatano sifuri. Bibi aliongeza mitaa miwili, miguu ikawaka moto, sifuri. Tena bangili ilikuwa na vituko. Usiku kucha ilikaa kwenye chaja, lakini ilizima kabla ya adhuhuri. Tena ilikuwa na masikio. Bibi akiwa nyumbani, kila aliposema kwamba mjukuu wake wa Jakarta ndiye mwenye akili kuliko wote, bangili ilitetemeka kwa hasira.

"Inapinga," Bibi alimwambia jirani yake.

"Labda ina roho," jirani akasema.

Ijumaa Marsudi hakubishana tena. "Mama, funga mizigo. Jumapili asubuhi niko hapo."

Usiku ule Bibi alizifuta chupa zake nane moja moja, ingawa zilikuwa safi.

Jumamosi, mlangoni pa soko, alimpa jamu mteja wake wa miaka mingi, Ratri. Ratri ni fundi simu. Kibanda chake hakizidi kabati, lakini simu za nusu ya Solo zimelala humo.

"Bibi, leo uso umekunjamana kama mfuko wa plastiki. Kuna nini?"

"Kunywa taratibu, mwanangu. Hiyo ndiyo bilauri ya mwisho. Kesho napelekwa Surabaya."

"Unahama?"

"Nahamishwa. Bangili imenishtaki kwamba sitembei."

Ratri akaweka bilauri chini. "Wewe hutembei? Lete hiyo bangili."

Akaigeuza. Upande wa ndani kuna vidoa viwili vya shaba, ndipo chaja inaposhika. Havikuonekana. Palikuwa na ganda la njano. Ratri akalikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Manjano. Ukwaju. Na sukari guru. Bibi, bangili yako imekunywa jamu."

"Basi ingekuwa na afya."

"Unaichaji vipi?"

"Usiku kucha."

"Asubuhi inaonyesha ngapi?"

"Ishirini. Nikasema ishirini si haba."

"Inatakiwa mia, Bibi. Uchafu umezuia umeme usiingie." Ratri akachovya mswaki laini kwenye maji kidogo, akasugua polepole, akafuta kwa kitambaa, akaiacha ikauke kabisa. "Fanya hivi kila wiki. Ikiwa na majimaji usiiweke kwenye chaja. Wala usikwangue kwa kisu."

"Mimi nilikwangua kwa pini ya nywele."

"Hiyo pini iache kwenye nywele."

Akaiweka kwenye chaja. Safari hii namba zikapanda. Ilipofika mahali pazuri, akaiwasha, na papo hapo akafumba macho.

"Loo, mwanga huu ni wa bangili au wa uwanja wa mpira? Nani ameweka kioo kiwe kikali namna hii, tena kisizime hata dakika moja?"

"Galih ndiye aliyeitayarisha," Bibi akasema.

"Kioo ndicho mlaji mkubwa wa betri. Tunapunguza mwanga. Na kiwake tu unapokigusa." Ratri akabonyeza, kisha akaichungulia simu ya Bibi iliyokuwa ikilia, akashangaa tena. "Na hizi? Tangu alfajiri umepokea arifa mia mbili na kumi na nne."

"Ni makundi yangu. La ukoo, la mtaa, la mazoezi ya wazee, la niliosoma nao darasa la nne."

"Wanasemaje?"

"Wananitakia asubuhi njema. Wanatuma maua."

"Bangili ikishaungana na simu, kila ua likifika itaiga, itatetemeka, itawaka. Leo umepokea bustani nzima. Maua yabaki kwenye simu. Bangili ikuambie tu ukipigiwa. Au kuna ua utakalolikosa?"

"La mzee Karsono," Bibi akasema, akatazama pembeni.

"Hilo utalitazama kwenye simu, tena kwa nafasi." Ratri akaficha kicheko. "Sasa tuone kwa nini hatua hazifiki kwa Marsudi. Bangili inahesabu. Lakini lazima izikabidhi kwa simu yako, na simu ndiyo izipeleke Surabaya. Nipe simu."

Akaifungua, akatazama, akamtazama Bibi.

"Bibi, programu iliomba ruhusa ya kuunganishwa, ukaikatalia."

"Nilikataa kwa adabu."

"Mara mbili."

"Nilikuwa nangoja ya tatu."

Ratri akainama juu ya meza. Mabega yakamtikisika kwa kicheko. Alipoinuka, macho yalikuwa na machozi.

"Bibi yangu, simu hii haina mila zetu. Inauliza mara mbili tu. Ukikataa zote mbili, haiulizi tena."

"Imelelewa na nani?"

"Sijui. Lakini dawa ipo." Akamwonyesha kwa kidole, polepole, mpaka Bibi akaweza kurudia mwenyewe. Unaingia kwenye *Mipangilio*. Unatafuta jina la programu. Unafungua *Ruhusa*. Unaruhusu vifaa vya karibu, na mahali ulipo kama simu inadai. "Na bluetooth iwe imewashwa. Halafu hapa penye betri, ruhusu programu ifanye kazi hata kioo kikizima. Simu ikibana matumizi sana, huiua kimyakimya, na hatua zinakwama njiani."

"Haya," Bibi akaiambia simu. "Nimekubali. Kidogo tu."

Lakini bangili haikuungana. Ratri alijaribu mara tatu. Kisha akapekua ndani ya bangili yenyewe, akasoma, nyusi zikapanda.

"Hii imeshaolewa."

"Na nani?"

"Na simu nyingine. Bangili hushika simu moja kwa wakati mmoja. Mwenye simu hiyo anaweza hata kuitetemesha akitaka, kwa kitufe cha kuitafuta ikipotea. Jina la simu ni hili hapa."

Bibi akasoma. Jina lilikuwa refu, na hadithi hii haina nafasi ya kuliandika. Bibi alilikariri, midomo ikicheza.

"Simu yenyewe haipo hapa, kwa hiyo itabidi niifute bangili yote, ianze upya," Ratri akasema. "Hatua za wiki nzima zitapotea. Nifute?"

Bibi akazifikiria zile hatua. Mitaa miwili ya nyongeza. Miguu iliyowaka moto. Zilikuwa ushahidi wake wote.

"Za kesho zitahesabiwa?"

"Za kesho zitahesabiwa."

"Futa." Ratri akafuta, akaiunganisha na simu ya Bibi, kisha akapunguza mwanga upya.

Jumapili, jua halijachomoza, Marsudi alisimamisha gari mlangoni. Alikuta nyumba tupu na mlango umeegeshwa. Akatoa simu yake. Palipokuwa na sifuri wiki nzima, sasa pameandikwa 2,140. Alipokuwa bado anatazama, ikawa 2,310.

"Mama?" akaliuliza lile gari.

Akaanza kumfuata kwa miguu. Kila mteja alimwambia, "Amepita sasa hivi tu." Kwa fundi cherehani, amepita sasa hivi. Kwa muuza tofu, amepita sasa hivi. Simu ikasema 3,900. Marsudi akakazana. Ikasema 4,800. Akafungua kifungo cha shati. Mteja mmoja alimhurumia, akamkaribisha kiti. Akakataa kwa adabu. Akakaribishwa tena, akakaa bila kungoja ya tatu.

Alimpata mama yake mlangoni pa soko, akimmiminia Ratri jamu. Marsudi, akihema, alishika kiuno, akashika ukuta.

"Karibu, mwanangu," Bibi akasema. "Umeshapiga mswaki?"

Ratri akatazama kioo. "Hatua elfu sita mia mbili na kumi. Moyo, mapigo tisini na nne. Betri, asilimia tisini na sita. Bibi, mvalishe huyu kidogo."

Wakamvalisha Marsudi. Wateja wote wakasogea kusoma.

"Mia moja arobaini na sita," Ratri akatangaza.

"Huyu ndiye wa kupelekwa kwenye nyumba yenye lifti," akasema muuza pilipili.

Marsudi alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kibanda. Mama yake akampa bilauri ya manjano na ukwaju, naye akainywa yote. "Haya, Mama," akasema alipopata pumzi. "Ahadi ni ahadi. Uza mpaka uchoke mwenyewe." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Bangili kama hii huuzwa wapi? Nataka yangu."

Tangu siku hiyo Bibi huchaji bangili mara moja kwa wiki, akishaisugua na kuikausha. Kila jioni hufungua programu, hatua zikapita kwenda Surabaya, na Marsudi hujibu kwa zake, ambazo bado ni chache. Simu ikimuuliza jambo, Bibi hulisoma lote kwanza, na akiona linafaa hukubali mara ya kwanza. Baadaye huangalia kama kuna aliyemwona.

Hadithi ingeishia hapo kwa heshima. Lakini Jumapili ile ile, wakati wa chakula cha mchana, Marsudi aliweka kijiko chini.

"Mama, umesema bangili ilikuwa imeungana na simu nyingine. Ya nani?"

Bibi akajifuta midomo. "Sijui. Ilikuwa inaitwa *Mwenyekiti wa Kudumu*."

Meza yote ikageuka kumtazama kijana mwenye adabu na nywele nzuri.

Basi ni mimi. Mimi ndiye Galih, na Baraza Kuu lina mjumbe mmoja, ambaye pia ni mimi. Niliiunganisha bangili na simu yangu ili niitetemeshe kila Bibi alipomsifu binamu yangu wa Jakarta. Nikaweka kioo kikali kwa sababu kilipendeza. Sikujua kwamba Bibi yangu alikuwa anafungishwa mizigo kwa ajili ya kicheko changu, wala sikuuliza. Nimeomba radhi, na nimeandika haya yote kwa amri.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ningependa kumbebea ndoo ya bilauri mpaka likizo iishe. Nikakataa kwa adabu. Akaniuliza tena. Nikakataa tena, kwa tabasamu.

Siku hizi Bibi haulizi mara ya tatu, hunikabidhi tu. Ndoo ni nzito.