Sentensi Iliyokataa Kusomeka

Jua lilikuwa linazama Misugusugu, Kibaha, Efrazia aliporudi na mkaa wake wa jioni. Akamkuta mwanamke amesimama kwenye geti lake la bluu, amejitanda kanga, mkononi ana bahasha.

Alijitambulisha kwa jina la Mwanakheri, karani wa ofisi moja Kisarawe. Alikuja Kibaha kwenye semina, na alikuwa ameelekezwa kwamba hapa pana fundi wa kuhariri video.

"Ni video ya marehemu mama," alisema kwa sauti ya chini. "Alituusia wiki moja kabla hajafariki. Mdogo wangu Yasmin ni kiziwi. Huwa anasoma midomo, lakini siku ile mama alikuwa amejiziba kanga mdomoni kwa sababu ya kikohozi. Yasmin hakuambulia kitu. Sasa anataka maandishi ya chini, asome mwenyewe."

"Pole sana, dada."

"Maneno yote nimeyaandika humu, na video imo kwenye flashi. Wewe bandika tu. Usijisumbue kusikiliza."

Hilo la mwisho lilimkaa vibaya Efrazia. Miaka sita alikuwa anahariri video za harusi na za misiba, na hakuna mteja aliyewahi kumwambia asisikilize.

Kesho yake mchana akaianza kazi. Kwenye video, mama alikuwa amekaa mkekani chini ya mikorosho. Jua lilipenya kwenye majani na kumwaga madoa ya mwanga kila mahali, na kanga yake ilijaa maua mekundu na meupe. Efrazia akaweka herufi nyeupe. Zikamezwa na maua. Akaweka za njano. Zikamezwa na jua. Mwisho akaizungushia kila herufi ukingo mweusi na kuitia kivuli chembamba. Hapo maneno yakasimama, yakasomeka vizuri.

Kazi ilienda hadi dakika ya nne.

Kwenye karatasi, mama alikuwa amemaliza kuusia kuhusu shamba na kuanza kuomba dua. Kwenye video, kanga ilikuwa inatikisika. Mama alikuwa anasema kitu ambacho hakikuandikwa.

Efrazia akavaa hedifoni.

"Nikishaondoka... kuna kitu kitawaita magharibi. Kitaita kwa sauti yangu. Si mimi. Msikiitikie."

Alirudisha nyuma mara tatu. Akawaza kwamba huyo Yasmin alikuwa na haki ya kusoma kila neno la mama yake. Akaichapa ile sentensi.

Haikusomeka.

Ukingo mweusi ulikuwepo. Kivuli kilikuwepo. Lakini yale madoa ya jua yalikuwa yamesogea na kujaa juu ya herufi kama siafu. Akaipandisha sentensi juu ya picha. Madoa yakapanda. Akaipeleka pembeni. Yakaifuata... taratibu, bila haraka. Na majani ya mikorosho kwenye video yalikuwa yametulia kabisa.

Chumba kikaanza kunuka udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi.

Akatandaza utepe mweusi tii, kutoka ukingo huu wa picha hadi ule, ukamfunika mama kifuani. Juu yake akaiweka ile sentensi kwa herufi nyeupe. Ikasomeka, neno kwa neno.

Kwenye hedifoni, mtu akapumua.

"Ondoa."

Ilikuwa sauti ya mama, ya upole. Lakini video ilikuwa imesimamishwa.

Efrazia alihifadhi kazi, akazima kompyuta, akatoka nje akakaa juani.

Angeweza kuituma kwa simu. Aliogopa Mwanakheri asije akaifuta. Siku iliyofuata akasafiri mwenyewe na kompyuta yake ya mapajani hadi Kisarawe, akafika kwenye anwani iliyoandikwa juu ya bahasha saa kumi na moja jioni. Mwanakheri alikuwa bado kazini. Yasmin, msichana mwembamba mwenye macho makini, akaipokea video na kuitazama. Kwenye utepe mweusi akarudia mara tatu. Kisha akaandika kwenye simu yake na kumwonyesha mgeni:

"Dada kila magharibi anatoka uani, anaongea. Nilidhani anaongea na simu. Simu huwa anaiacha kitandani."

Mlango ukafunguliwa. Mwanakheri aliitazama kompyuta, akamtazama Efrazia.

"Nilikuambia usisikilize."

"Dada, aliyekataza ni mama mwenyewe."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa namrekodi." Akakaa chini, mkoba bado begani. "Siku ya kwanza aliniita kwa jina langu la utotoni. Hakuna mwingine anayelijua. Ni sauti ya mama yangu, Efrazia. Nimuache tu anaita?"

Efrazia aliifunga kompyuta.

Azana ya magharibi ikaisha. Kuku wakanyamaza uani. Ile harufu ya udongo ikaingia kwa chini ya mlango.

"Kheriye..."

Mwanakheri akasimama. Midomo yake ikafunguka: "Abee, ma..."

Yasmin hakusikia chochote. Aliiona ile midomo tu. Akamrukia dada yake, akamziba mdomo kwa kiganja na kumkumbatia kwa nguvu zote. Wakaanguka pamoja. Efrazia alikaa na vidole masikioni, akiisikia ile sauti hata hivyo. Iliita mara tatu. Ya tatu ilikuwa karibu sana na dirisha.

Kisha kimya.

Tangu siku hiyo, Yasmin alijifunga mkono kwa mkono na dada yake kila magharibi, kwa kipande cha kanga. Alimwandikia Efrazia kwamba Mwanakheri analia, lakini anakubali kufungwa. Siku tisa zikapita salama.

Siku ya kumi, Efrazia akiwa anakoleza mkaa, simu ikatetemeka.

"Leo dada ameniwahi, ametoka kabla sijamfunga. Nimemkuta uani, azana ikiwa bado. Alikuwa anaongea. Anachoulizwa sikukisikia, nimesoma midomo yake tu. Alikuwa anaelekeza. Alisema: Misugusugu, geti la bluu. Anakaa peke yake."

Efrazia aliusoma ujumbe hadi mwisho, akausoma tena. Ulikuwa umetumwa dakika mbili zilizopita.

Kwenye msikiti wa barabarani, azana ya magharibi ilikuwa inaanza.