Nishani ya Mzee Kibwana

Mjomba wangu Abdurahman wa Matuga alikuwa na kazi moja na ugonjwa mmoja. Kazi ilikuwa kuosha maiti. Ugonjwa ulikuwa nishani za jubilei ya mfalme, zile walizovishwa wazee wa mitaa mwaka wa thelathini na tano. Uhuru ulipoingia, wenyewe walizionea haya, naye akawa anazizoa kwa kilo ya sukari. Mwaka huu wa sitini na nne alikuwa nazo kumi na moja ndani ya kopo la biskuti, na kila Ijumaa alizisugua kwa majivu.

Ya kumi na mbili alikuwa nayo jirani yetu, Mzee Kibwana, aliyekataa katakata kuitoa. Mjomba hakugombana naye. Kwetu, nguo alizokufa nazo mtu huwa za mwosha, na nishani ilidungwa kwenye koti la mzee. Akasubiri tu.

Mzee akafa Jumatatu asubuhi. Tukaingia kumwosha, mjomba na mimi. Koti lilikuwa tupu. Kibwana aliijua desturi. Nishani aliibandua mwenyewe, akafa ameifumbata.

Mjomba akamvunja maiti vidole. Kimoja kimoja. Mimi nilimwaga maji kwa kelele.

"Nini hicho?" mjane, Bi Chiku, akauliza nyuma ya pazia.

"Viungo vimekaza, dada."

Alipoingia kumuaga mumewe, akauona mkono.

"Alisema nimpe mjukuu," akanong'ona. "Irudishe, Abdurahman."

Mjomba akacheka. Nakiri, nami nilicheka. Jioni ile nishani ikaingia koponi, ya kumi na mbili.

Jumanne kidole kidogo cha mjomba kikajikunja. Jumatano cha pili. Tulivikanda kwa maji ya moto, tukavivuta. Havikunyoka. Jumamosi ngumi ikafunga.

"Warudishie nishani yao!" akalia.

Nikafungua kopo. Zilikuwa kumi na moja.

Alikufa Jumapili. Bi Chiku alinikuta nachota maji ya kumwoshea.

"Mkono uache ulivyo, mwanangu."

Sikumsikia. Kopo sasa lilikuwa langu, na ya kumi na mbili niliamini imo mle ngumini. Nikavunja vyote vitano.

Ngumi ilikuwa tupu. Kiganjani, ngozi ilikuwa imetuna vichwa viwili vyenye taji, mfalme na malkia wake. Nilisugua kwa sabuni. Havikutoka.

Leo Jumatatu nimempelekea Bi Chiku kopo lote. Nimepiga magoti mlangoni, nimelia. Hakulipokea. Alikitazama kidole changu kidogo.

"Bado vinne," akasema, akafunga mlango.