Nilipopewa Pole kwa Kifo Changu

– Pole sana na msiba, mwanangu. Dada yako alikuwa mtu wa watu.

Birika likanining'inia mkononi. Aliyenipa pole alikuwa mwalimu mstaafu, mgeni wetu wa chumba namba nne. Goti lilimvimba kwa matembezi ya jana, akabaki nyumbani huku mumewe na wageni wengine wakienda mapangoni na Dira.

– Dada yangu yupi, mama?

– Marehemu, mke wa Dira. Jana pale kwenye jiwe linalotazama bonde alitusimulia. Kwamba mkewe alipapenda pale kuliko popote. Nililia, nisikudanganye! Akasema wewe ndiye mdogo wake, umebaki kumsaidia nyumba. Mungu akubariki.

Dira ni mume wangu. Wageni ndio waliompa jina hilo, kwa kuwa hapotei porini hata umzungushe vipi. Mimi sina dada. Na mke wa Dira ni mmoja tu, ndiye aliyekuwa amesimama pale na birika la chai.

– Asante, mama, nikamjibu. – Tumeshapoa.

Jikoni nilimkuta wifi yangu akimenya viazi.

– Wifi, mimi nimekufa?

Kisu kikamponyoka. Hakucheka, na hapo nikajua kwamba anajua.

– Muulize kaka yangu, akanong'ona. – Mimi nilimwambia aache.

Nikachukua simu, nikaandika: "Dira, nimesikia nimekufa. Nilizikwa lini?"

Ujumbe haukufika. Kule mapangoni hakuna mtandao.

Siku ile haikukalika. Nilitandika vitanda vilivyokwisha tandikwa. Nilifagia uani, nikafagia tena. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda getini kutazama barabara. Swali moja tu lilinizunguka kichwani: mwanaume anayejiita mgane anatafuta nini kama si mwanamke?

Miaka sita tumeendesha nyumba ile ya wageni. Yeye matembezi, mimi nyumba. Maporomoko, mapango, chemchemi ya maji moto, lile jiwe lenyewe, vyote nilivijua kwa picha tulizobandika mapokezi. Kila nikimwambia anipeleke, jibu ni lilelile: "Wageni wakipungua." Sasa wageni hawapungui.

Saa tisa alasiri simu ikaita.

– Mke wangu, ujumbe gani huu?

– Jibu swali.

– Haloo? Mtandao unakatika...

– Mbona maiti inakusikia vizuri tu?

Nikamsikia akivuta pumzi.

– Nakuja, akasema.

Alipofika aliwaacha wageni na viatu vyao vya matope barazani, akanifuata chumbani. Nilikuwa nafunga mkoba.

– Nani? nikamuuliza. – Mwanamke gani umemwambia wewe ni mgane?

– Hakuna mwanamke. Naapa.

– Mtu hamuui mkewe bure, Dira!

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Uso ulimshuka.

– Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza. Mgeni mmoja aliniuliza pale juu, "Mkeo naye anapapenda hapa?" Yeye wake alikuwa amemshika mkono. Wangu nimemwacha kwenye masufuria. Nikaona aibu, nikasema, "Hatunaye." Nilimaanisha hatunaye kwenye safari! Wakavua kofia wote. Mwingine akanikumbatia. Nikashindwa kuwarudisha nyuma.

– Kisha wakarudi, wakanikuta jikoni.

– Ndipo nikasema wewe ni shemeji, nikawaomba wasikukumbushe msiba.

– Hiyo ni siku moja. Na miaka yote iliyofuata?

Akainamia matope ya viatu vyake.

– Pale juu nilikuwa nasema mambo ambayo sijawahi kukwambia, akasema taratibu. – Kwamba ukicheka nyumba nzima inachangamka. Kwamba bila wewe nisingekuwa na kitu. Nikirudi hapa nakukuta na mashuka, na orodha ya sokoni, na mimi nimechoka. Maneno yanagoma. Ilikuwa rahisi kukusifia ukiwa umekufa.

Sikujua nimpige au nilie. Nikavuta zipu ya mkoba.

– Kesho unakwenda jiweni?

– Ndiyo. Na wale maharusi wa chumba cha pili. Mwalimu naye anataka kurudi, goti likimruhusu.

– Na mimi nimo. Utawaambia ukweli palepale. Tukishuka, utanishusha njia panda nipande basi, naenda kwa mama.

– Mke wangu...

– Nimemaliza.

Asubuhi nikamkabidhi wifi funguo za stoo, nikakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Njia nzima Dira hakusimulia ndege wala mti. Kule nyuma bwana harusi akamnong'oneza mkewe, "Huyu ndiye anayesifiwa kwa maneno?"

Tulipanda kwa miguu nusu saa, mwalimu akichechemea na fimbo. Nilipofika juu ya jiwe, nikasogea hadi ukingoni. Bonde lote lilikuwa chini yangu, mto umejikunja katikati yake, na kivuli cha wingu kinatembea juu ya mashamba kama kitu chenye uhai. Badala ya kufurahi, hasira ikanipanda upya. Kumbe huku ndiko alikokuwa akija kila siku!

– Wageni wangu, Dira akaanza. – Mke wangu hajafa. Mke wangu ndiye huyu. Hajawahi kufika hapa, kwa sababu sijawahi kumleta. Niliona haya kusema hivyo, nikaona afadhali niseme amekufa.

Bibi harusi akaziba mdomo. Mwalimu akamnyooshea kidole kama yuko darasani.

– Mimi nililia, Dira! Nilikosa hata usingizi!

– Nisamehe, mama.

– Usiniombe mimi. Geuka huko!

Akageuka. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, mbele ya watu.

– Yale niliyosema kuhusu marehemu, mke wangu, yote ni yako. Hilo tu ndilo sikudanganya.

Nilisimama nikatazama bonde mpaka wengine walipoanza kushuka, na yeye akanisubiri bila kuniharakisha.

Njia panda akasimamisha gari, akaacha injini ikinguruma. Kulia ilikuwa barabara ya mabasi. Nikashika mlango. Moyo nusu ulikuwa unataka kushuka, nusu unauliza nitakwenda kufanya nini kwa mama.

– Na ile njia ya kushoto inakwenda wapi? nikauliza.

– Maporomoko, akajibu. – Mwendo wa saa moja.

– Leo si siku ya maporomoko kwenye ratiba, akakumbusha bwana harusi. Mkewe akamfinya.

Simu yangu ikaita. Wifi.

– Wifi, wageni wakirudi mchana niwapikie nini?

Nikamtazama mume wangu. Mikono yake ilikuwa imeganda kwenye usukani.

– Kata kushoto, nikamwambia. Kisha nikairudisha simu sikioni. – Usipike kitu, wifi. Sisi tutachelewa.