Amiri Aliyefumua Mtepe Wake

Zama zile mitepe, vyombo vya tanga, ingali ikishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, mji wa Shungi ulikuwa na mtepe mmoja tu wa vita. Amiri wake aliitwa Shekuwe bin Mzee. Wazee walizoea kumwambia kwamba mkaidi hafaidi ila siku ya Idi, naye akiwajibu kwamba Idi haikosi kufika.

Wareno walipokuja na ghurabu tatu, merikebu zenye mizinga, Shekuwe aliupakia mtepe wake mawe, akauweka palipo pembamba zaidi katika mlango wa bandari, kisha akawaamuru mabaharia wakate kamba. Mishono ikafumuka, mtepe ukazama, njia ikazibika. Ghurabu ya kwanza ilipasukia juu yake. Zile mbili ziligeuza matanga, zikaenda zao.

Siku ya tatu aliitwa barazani. Desturi ya Shungi haikuwa na huruma: amiri arudiye bila chombo huvuliwa kilemba mbele ya watu, wala hapewi kingine maishani, isipokuwa awe amezidiwa nguvu vitani.

"Shekuwe," alisema malkia, Mwana Rukia, ambaye hakutaka kumpoteza, "apa kwamba mtepe ulizamishwa na mizinga ya Wareno. Kesho nitaamuru ushonwe mwingine, uwe wako."

"Mwana, mimi sikuzidiwa."

"Neno moja tu, Amiri!" akamsihi waziri, Mwinyi Madi. "Litamdhuru nani?"

"Litawadhuru mabaharia wangu. Walikata kamba huku wamesimama juu ya chombo chenyewe, na wawili hawakurudi. Leo niseme walishindwa? Mtepe niliuzamisha mimi, kwa amri yangu, na Wareno wakirudi nitauzamisha mwingine!"

Kilemba kile alikipenda mno. Alikuwa amekivaa miaka ishirini. Hata hivyo alikivua mwenyewe, kabla mkono wa mtu haujamfikia, akakiweka mkekani na kutoka kichwa wazi. Mabaharia waliokuwa wakimngoja nje walivua vilemba vyao wote, wakafuatana naye hadi bara, wasirudi tena.

Mwandishi wa baraza aliandika: Shekuwe bin Mzee, amiri aliyepoteza mtepe. Na aandike! Aliyaandika hayo ameketi Shungi, katika nyumba ambayo Wareno hawakuichoma.