Vifungo Sita vya Shati la Dereva

Dereva wa gari la mikate alimkanyaga mguu fundi cherehani kwenye foleni ya kujiandikisha masomo ya Kiingereza, na kabla hajaomba radhi, moyo ulishakwenda. Binti kavaa gauni la kijani, limemkaa hilo!

"Kaka, mguu huo una mwenyewe."

"Nisamehe, dada. Nipe namba, niwe naujulia hali."

Wakawa wa dawati moja, simu asubuhi, simu mchana. Shati la kazi la dereva lilipopukutika vifungo, fundi alilirudisha na vifungo sita vipya vyeupe.

"Umevitoa wapi, mpenzi?"

"Vaa, acha maswali."

Wiki hiyo mwalimu akafundisha kitenzi pilfer, yaani kudokoa, kuiba vitu vidogo vidogo kimyakimya. Akataka mfano. Dereva, kwa kimbelembele chake, akasimama na Kiingereza cha kubabaisha: mpenzi wake kadokoa vifungo kiwandani anakoshona, hivi hapa! Darasa likaangua kicheko. Mama mmoja mgeni hakucheka. Kumbe ndiye msimamizi wa kiwanda cha akina fundi.

Kesho yake fundi akasimamishwa kazi.

"Usinipigie tena," alimwambia dereva, akakata simu.

Siku ya tatu dereva alichoka kungoja. Akampigia mdogo wake fundi.

"Shemeji, vile vifungo kavikata kwenye gauni lake la kijani. Kawaambia, hawakumwamini. Na kulipeleka hataki, anaona haya."

Dereva alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaliomba lile gauni, akaenda nalo kiwandani, akavua shati mbele ya cherehani zote na kubaki na fulana. Msimamizi akalinganisha vifungo na nyuzi zilizoning'inia kifuani pa gauni.

"Mwambie arudi kazini."

"Nenda wewe, mama. Mimi nina langu la kumwomba."

Fundi alimsikiliza dereva akiwa mlangoni kwake, mikono kiunoni.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza! Ukasema niache maswali."

Kicheko kikamponyoka fundi, na machozi nayo yakamtoka. "Umeniumiza, wewe mwanaume."

"Najua. Nisamehe. Nakupenda, nataka nikuoe."

"Uliniaibisha mbele ya watu. Nenda kaniombe uchumba mbele ya watu."

Kipindi kilichofuata dereva akasimama mbele ya darasa, msimamizi akiwa palepale nyuma. Akafungua mdomo. Sauti ikagoma. Hata mwalimu kaweka chaki chini.

"Sema basi, watu wanangoja," fundi akamnong'oneza kutoka dawati la mbele. "Mimi nimeshakubali."