Majina ya Nje ya Ukuta

Jua lilikuwa linazama baba aliponituma makaburini. Yeye ni mchonga mawe, lakini mkono ulikuwa umemvimba, na jiwe la tajiri mmoja lilikuwa limekosewa herufi. Ibada ya kumbukumbu ilikuwa kesho yake asubuhi.

"Rekebisha, urudi," aliniambia. "Usibishane na mtu, mwanangu."

Ananijua.

Makaburi yale yana ukuta. Ndani wamelala weupe, chini ya marumaru. Nje wamelazwa weusi wenzangu, chini ya vibati vyenye namba. Bibi yangu, aliyewafulia nguo watu wa ndani miaka thelathini, ni namba 212.

Mlinzi, mweusi kama mimi, alinizuia langoni. "Pita nyuma, binti. Utaratibu unaujua."

"Mbona mawe tunayochonga yanapita mbele?" nikamjibu, nikapita.

Nikapiga magoti mbele ya jiwe la tajiri, nikashika tindo na nyundo. Ngo. Ngo. Ngo.

Nikatulia kidogo nipulize vumbi.

Ngo... ngo... ngo...

Sauti hii ilitoka nje ya ukuta. Ikaja na harufu ya udongo mbichi na sabuni ya kufulia.

"Mjukuu wangu..." Mnong'ono ulipenya katikati ya mawe. "Andika."

Miguu ilitaka kukimbia, nikaikatalia.

"Niandike nini, bibi?"

"Sisi."

Herufi ya tajiri sikuikumbuka tena. Nilikwenda ukutani, upande wa ndani, pale panapoonekana vizuri kutoka langoni, nikachonga jina la bibi. Kisha mzee mmoja akanong'ona lake. Kisha mtoto, huku akikohoa. Nikachonga.

Mlinzi alikuja mbio na tochi. "Umerukwa na akili? Watanifukuza kazi!" Akanikamata mkono.

Nje ya ukuta, sauti ya mwanamke ikataja jina. Taratibu, kama anayemwamsha mtoto.

Mlinzi akaniachia.

"Hilo... ni la mama yangu."

"Nilichonge?"

Aliinua tochi, akanimulikia.

Nilichonga majina kumi na moja, mikono ikagoma. Nikarudi nyumbani.

Asubuhi msimamizi wa makaburi alinifuata nyumbani na polisi wawili, wakanirudisha makaburini. Waombolezaji walikuwa wameukodolea macho ukuta, suti zao nyeusi zimeingia vumbi. Ukuta wote, toka langoni hadi pembeni, ulikuwa umejaa majina. Zaidi ya mia tatu. Na vumbi la mawe lilikuwa bado linadondoka...

Hakuna aliyekuwa anachonga.

"Nani kafanya haya?" msimamizi akafoka.

Mlinzi alipiga hatua mbele. Nikamtangulia.

"Mimi."

"Usiku mmoja? Peke yako?"

"Sikusema peke yangu."

Nililala mahabusu siku mbili. Ukuta wameupiga plasta mara tatu, na mara tatu imebomoka kabla giza halijaingia. Jana nilipita tena, kwa lango la mbele. Nikaweka sikio ukutani. Upande wa pili mtu alikuwa anapumua... polepole, kama anayengoja zamu yake.

Niliogopa, sitasema uongo.

"Sema," nikamwambia. "Nakusikia."